Nimdhamini Shemeji? Jibu kwa Mama Muuza Urojo wa Fuoni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Fuoni, hapa Unguja, nauza urojo jioni. Ndugu wa mume wangu aliniomba nimdhamini mkopo wa shilingi 3,000,000 anunue bodaboda. Nilimjibu palepale, mbele ya wakwe, kwamba Mithali sura ya 6 imekataza dhamana na mimi Mkristo siwezi. Toka siku ile hanisemeshi. Kwenye jumuiya yetu mwenzangu mmoja kanambia nimekosea, kwani Mithali hiyohiyo inasema amhurumiaye maskini humkopesha Bwana. Mwengine kasema shemeji ni mvivu tu, mkono mlegevu huleta umaskini. Tena wakaligusa na la kijana wangu mkubwa, anayefanya kazi kwenye boti za wageni Nungwi na kanisani haendi tena. Wakasema ningemlea katika njia impasayo asingeiacha. Sasa kila nikifungua kitabu hiki naona kinanisuta. Nifuate mithali ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale uliposema kitabu kinakusuta. Nitaanzia hapo, maana kabla ya kuzungumza habari za dhamana ni lazima tujue umeshika kitu gani unapoishika Mithali.

Wewe umekulia kwenye methali. Mtoto akikimbia na sinia la chai, bibi humwambia haraka haraka haina baraka. Jioni hiyohiyo kijana akisitasita kupeleka posa, bibi yuleyule husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sijapata kumsikia mtu akimshitaki bibi kwamba amejipinga. Sote tunaelewa kuwa ameangalia watu wawili wenye mambo mawili, akampa kila mmoja neno lake.

Mithali za Biblia zinakwenda mwendo huohuo. Fungua 26:4, utasoma: "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake." Mstari wa 5 unasema: "Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake." Hiyo ni mistari inayogusana, si sura mbili zilizo mbali. Nayo 25:1 inatueleza kuwa sehemu hiyo ilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani. Waandishi wa kifalme wenye muda na macho wameziweka bega kwa bega, kwa makusudi. Wanazuoni wa Kiyahudi wa kale waliisumbukia mistari hiyo miwili, na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao, inasimulia kwamba kwa ajili yake kulikuwa na fikra ya kukiweka kando kitabu kizima. Wao walisuluhisha kwa kusema mmoja ni wa mambo ya Torati na mwengine ni wa mambo ya dunia. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: mtazame kwanza huyo mpumbavu aliyekaa mbele yako, na ujitazame na wewe mwenyewe ulivyo na hasira siku hiyo.

Kwa hiyo mithali si amri kama "Usiibe", wala si kiapo kama kile Mungu alichomwapia Ibrahimu. Ni neno la mwenye hekima aliyeutazama ulimwengu wa Mungu kwa muda mrefu, akaona mambo kwa kawaida huendaje, akakukabidhi ili uamue. Ni kweli, lakini ni kweli inayotaka mahali pake. Kitabu chenyewe kinaonya, 26:9, kwamba mithali kinywani mwa mpumbavu ni kama mwiba mkononi mwa mlevi. Mwiba haukosi ukali, ila mlevi hajui anamchoma nani. Nakuambia kwa upendo: kwenye ile jumuiya yenu kila mtu alishika mwiba wa kweli. Hata wewe, pale mbele ya wakwe.

(Wako wanaosoma sura moja kila siku kwa kuwa sura ziko 31 kama siku za mwezi. Nami hufanya hivyo, ni desturi njema. Lakini tarehe hukuchagulia sura tu. Neno la siku hiyo utalichagua mwenyewe baada ya kumwona mtu uliye naye.)

Sasa dhamana. Hukukosea kuiogopa. Kitabu kinaionya tena na tena: 6:1-5, 11:15, 17:18, 20:16, 22:26-27. Sababu ni kwamba katika Israeli ya kale deni halikuishia kwenye mfuko, lilimla mtu. Soma 2 Wafalme 4:1, mjane anamlilia Elisha kwa kuwa mwenye kumdai mumewe amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ndiyo maana 22:7 inasema: "Tajiri humtawala maskini, naye akopaye ni mtumwa wake akopeshaye." Sisi tunaosali Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873, hatuwezi kulipita neno "mtumwa" kama pambo la maneno. Aliyeandika vile alikuwa anasema jambo aliloliona mlangoni pa watu.

Hata leo hapa Unguja deni halichezewi. Unajua mwenyewe kwamba haliondoki jeneza mtaani kabla hajasimama mtu wa nyumba ile kuuliza anayemdai marehemu ajitokeze. Majirani zetu Waislamu wametufundisha mengi kwa desturi hiyo, nami husikia ndani yake sauti ileile ya Mithali. Na aliyetia sahihi ya udhamini, akapeleka picha zake na barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, ajue kwamba wanaokuja kuchukua friji na godoro hawaulizi nani aliyekuwa akiipanda ile bodaboda. Mithali 22:27 inakitaja kitanda hasa: kwa nini uondolewe kitanda chako chini yako?

Lakini usome mstari huo wote. Unaanza kwa "ikiwa huna kitu cha kulipa". Hapo ndipo fundo lilipo. Mdhamini ni mtu anayesema: huyu asipolipa, mimi nitalipa. Ikiwa huna, basi umesema uongo mbele ya mashahidi, hata kama moyo wako ulijaa huruma. Mithali inakukataza kuahidi usichokuwa nacho, na pia kuahidi kilicho mali ya wanao. Nadhani wengi wetu tunaosema "dhamana ni dhambi" hatujafika kwenye mstari huo.

Maana kama dhamana yenyewe ni dhambi, tutamfanyaje Yuda, mwana wa Yakobo? Alimwambia baba yake juu ya Benyamini, "Mimi nitakuwa mdhamini wake" (Mwanzo 43:9), na ilipofika siku ya kudaiwa kule Misri alijitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Tutamfanyaje Paulo, aliyemwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo amemdhulumu au anawiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, naye atalipa? Na Onesimo alikuwa mtumwa. Zaidi ya hao, Waebrania 7:22 inamwita Yesu mwenyewe "mdhamini wa agano lililo bora zaidi". Mimi na wewe tumesimama leo kwa sababu kuna aliyekubali kudhamini. Tofauti ni kwamba Yuda alijua atalipa kwa kitu gani, Paulo alijua, na Bwana wetu pale Gethsemane alijua kuliko wote. Hakuna kati yao aliyetia sahihi kwa kuona haya mbele ya jamaa.

Basi kaeni chini wewe na mumeo, jioni moja baada ya kufunga biashara, mjiulize swali moja tu: tukiambiwa kesho tulipe milioni tatu zote, zitatoka wapi? Ikiwa jibu ni mtaji wa urojo, ada za watoto na kodi ya nyumba, basi hamna kitu cha kulipa, na kukataa kwako ni haki. Simama hapo bila kuona haya. Ikiwa mnacho, na mkipoteza kiasi hicho nyumba haitaanguka, basi mko huru kumdhamini, lakini mhesabu tangu siku ya kwanza kuwa huenda mmempa. Mtu asiyeweza kuitoa fedha ile bila kinyongo, asiidhamini.

Yule mwenzako aliyekutajia 19:17 alikutajia neno tukufu, ila amelipeleka sipo. "Amhurumiaye maskini humkopesha BWANA, naye atamlipa kwa tendo lake jema." Neno hilo linahusu sadaka. Anayekopeshwa hapo ni Mungu, na atakayelipa ni Mungu, yaani kutoka kwa yule maskini hungoji kitu. Kwa hiyo unaweza kukataa sahihi na bado ukalitii neno hili siku hiyohiyo. Ukikataa kudhamini milioni tatu usizokuwa nazo, mpe shemeji laki moja uliyo nayo, bila ya kuiandika popote. Au kama mnacheza mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu hapo mtaani, nenda kwa kijumbe anayezikusanya umwombe zamu yako isogezwe mbele, na fedha ile imsaidie kupata malipo ya awali, au akodishe bodaboda ya mtu kwanza tuone inavyokwenda. Hiyo ni njia ndogo kuliko mkopo, na haimweki mtu yeyote rehani. Mithali 3:28 inatukataza kumwambia jirani nenda urudi kesho ilhali kitu kile tunacho karibu nasi. Ulichonacho toa, usichonacho usikiahidi. Ukiisoma hivyo, sura ya 6 na sura ya 19 hazigombani kabisa.

Nakuja kwa yule aliyesema shemeji ni mvivu. Hapa mwanangu nitakueleza jambo ambalo sikupenda kulisema kwa miaka mingi.

Nilipokuwa mwalimu wa dini Pemba, upande wa Weti, kulikuwa na mwaka ambao karafuu hazikuzaa. Wapemba wanajua, mkarafuu una miaka yake. Mwaka huu matawi yanainama, mwaka ujao unapanda juu unashuka na kapu jepesi. Wachumaji wanaolipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma, hawakupata kitu. Nilimtembelea muumini mmoja aliyekuwa na madeni kila duka la kijijini. Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni, na kabla ya sala niliifungua Mithali 10:4 nikamsomea: "Atendaye mambo kwa mkono mlegevu huwa maskini, bali mkono wake aliye na bidii hutajirisha." Nikaifafanua na kuirefusha. Yeye alisikiliza kimya, mkono wa kulia ameuweka chini ya shuka. Nilipoaga, mkewe alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akanambia taratibu kwamba mumewe alianguka mkarafuuni msimu uliopita, mkono ukavunjika na haukuunga vizuri. Hawezi hata kushika kamba.

Nilikuwa nimemsomea mkono mlegevu mtu mwenye mkono uliovunjika kazini.

Nilirudi kesho yake kumwomba radhi, akanipa, tena akanichumia madafu kwa mkono wa mwanawe. Tangu hapo 10:4 huisoma nikiwa peke yangu, asubuhi, kabla sijaanza kazi zangu. Hiyo ni mithali ya mtu kujisomea. Ukitaka ya kumsomea mwenye shida, kitabu hichohicho kinayo 13:23, isemayo kwamba shamba la maskini linaweza kutoa chakula tele na bado akaangamia kwa kukosa haki. Wenye hekima wa Israeli walijua kuwa umaskini una milango mingi na uvivu ni mmojawapo tu. Rafiki zake Ayubu waliujua mlango huo mmoja, wakakaa nao sura baada ya sura, na mwishoni (42:7) Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Maneno yao mengi yangeweza kuingia katika Mithali bila mtu kushituka. Shemeji yako simjui. Lakini mtu anayetafuta chombo akapigwe jua na vumbi la barabara ya Fuoni mpaka usiku, mimi singeanza kwa kumwita mvivu.

Sasa tuzungumze ulivyomjibu. Mithali 25:11, katika Biblia yetu, inasema: "Neno linenwalo wakati wa kufaa, ni kama machungwa katika vyano vya fedha." Neno la Kiebrania pale kwa kawaida ni tofaa, lakini mimi nayapenda haya machungwa yetu. Na chano hatuhitaji kuelezwa. Nyumba ya watu wa heshima mgeni hatupiwi tunda, huandaliwa. Mwanangu, chungwa lako lilikuwa bivu. Ulimtupia, na mbele ya wazazi wake. Mwanamume aliyekatazwa fedha husahau kwa wiki mbili, lakini aliyeonekana mbele ya mama yake kuwa anamwingiza Mkristo dhambini hasahau upesi.

Kwa hiyo nenda. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda na mumeo, au mtangulize mzee mmoja wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote, kama tulivyozoea. Usianze na Biblia. Mwambie: "Shemeji, siku ile nilikujibu mbele za watu, na nilikukosea. Niwie radhi." Kisha unyamaze kidogo, maana 15:1 inatupa kazi, "Jawabu la upole hugeuza hasira", na upole unataka nafasi ya kuingia. Akishapoa, ndipo umweleze hesabu zenu kwa uwazi, kwamba milioni tatu hamna, na kiasi fulani mnacho, hiki hapa. Ukisema "sina" badala ya "Biblia imekataza", utakuwa umesema ukweli mtupu, na yeye hatakuwa na ugomvi na Maandiko kwa sababu yako. Nimeona watu waliochukia kanisa kwa miaka, na ukichimba unakuta mstari wa Biblia uliotumika kufunga mlango ambao ungefungwa kwa neno la kawaida.

Jambo hili kwetu sisi wa visiwani lina uzito wake. Wakristo tu wachache, na jirani hasomi Biblia yetu, anatusoma sisi. Kitabu cha Mithali kwa sehemu kubwa hakizungumzi hekalu wala sadaka za kuteketezwa. Kinazungumza mizani, soko, meza, kitanda, ulimi, mguu unaoingia nyumba ya jirani mara nyingi mno. Kinamtaja hata yule ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri (27:14), kwamba baraka yake itahesabiwa laana, na sisi wenye mikesha ya vipaza sauti ingefaa tulifikirie hilo. Tena wenye hekima hao hawakuona haya kujifunza nje. Sehemu inayoanzia 22:17, hasa hadi 23:11, inafanana sana na mafundisho ya Mmisri aitwaye Amenemope, na sura ya 31 inaanza na maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Basi usiogope bibi jirani akikwambia dawa ya deni kulipa. Hekima ya Mungu hupita na mlango wake pia. Ninyi wauza urojo mnaijua 11:1, ile ya mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa BWANA, kuliko mimi, maana mizani yenu ni upawa, na mteja anauona ukijaa au ukikatwa.

La kijana wako nimeliacha mwisho kwa sababu najua ndilo linalokuamsha usiku.

Mithali 22:6 inasema: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Waliokutajia wameugeuza hati ya mkataba: ukilipa malezi utapewa mtoto mcha Mungu, na usipompata basi hukulipa. Sisi wenyewe tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hatujamsikia mzazi aliyekwenda mahakamani nayo. Ni neno la kumtia moyo mama mwenye mtoto mchanga kwamba kazi yake haipotei bure. Halikutolewa ili mama wa kijana wa miaka ishirini na kitu apigwe nalo. Na fikiri: baba anayesema katika sura za kwanza za Mithali anarudia "mwanangu, sikia", "mwanangu, usisahau", "mwanangu, shika", sura baada ya sura. Mtu aliye na hati mkononi hasihi namna ile. Anasihi kwa sababu anajua mwana anaweza kukataa, na 13:1 na 17:25 zinasema wazi kwamba wako wanaokataa. Tena msikie Mungu katika Isaya 1:2: "Nimewalisha watoto na kuwalea, nao wameniasi." Nani kwenye jumuiya yenu atasimama aseme Mungu hakujua kulea?

Huo mstari pia una neno ambalo hupitwa, "hata atakapokuwa mzee". Kijana wako hajawa mzee. Yuko Nungwi, anaamka kabla ya jua kuwashusha wageni kwenye boti, na hukuniandikia kuwa amekuwa mwizi au mlevi, umeniandikia kuwa hasali kanisani. Hujui ulichokitia ndani yake kiko wapi sasa, na pengine yeye mwenyewe hajui. Usimpelekee mistari kwa simu. Mpigie umwulize bahari ilikuwaje leo. Na siku akishuka Fuoni na mtungo wa samaki, mpokee samaki, mkatie ndimu, mwekee urojo wa kwanza kabla ya wateja, na la kanisani mwache aanze yeye.